Kabati Lililoingia Lenyewe

Majirani walimwita Bi Chekecheo, na jina hilo hakupewa na mtu yeyote mahususi. Lilizuka kutokana na sauti. Kila asubuhi, watoto wa shule wakiwa bado wanatafuta soksi zao, ilisikika kutoka dirishani mwa jiko lake krrr, krrr ya mkono wa chuma ukizungushwa chini ya pipa la unga, na aliyekuwa bado kitandani alijua kwamba siku imeanza na mikate haiko mbali. Mwenyewe hakulichukia jina. Alisema kuna watu wameitwa kwa kasoro zao wakavumilia, sembuse yeye aliyeitwa kwa kazi yake.

Alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ujana wake hadi alipostaafu. Jiko la shule lilikuwa refu kama ghala: unga uko mwisho huu, maji mwisho ule, chumvi imefungiwa kwa mtunza stoo, na visu vimo katika droo iliyo mbali na kila kitu kinachopaswa kukatwa. Mpishi wa jiko la namna hiyo hupika kwa miguu zaidi ya mikono. Jioni alirudi nyumbani nyayo zikiwaka moto, na hapo ndipo, kwa mshangao wa waliomjua, alipoanza kupika tena. Na kupika huko ndiko alikokuita kupumzika.

Sababu ilikuwa kabati. Lilisimama peke yake kwenye ukuta mrefu wa jiko lake dogo, halikupigiliwa ukutani wala halikushikamana na chochote, likiwa juu ya miguu yake minne mifupi kama mnyama mpole aliyeshiba. Lilikuwa la zamani, la mtindo ambao mafundi wa leo hawautengenezi ila kwa kuombwa sana. Sehemu yake ya juu, upande wa kushoto, ilificha pipa la bati lililopanuka juu na kuchongoka chini kama faneli, na kwenye ncha yake paliwekwa chekecheo. Ulitega bakuli, ukazungusha mkono, unga ukashuka laini, bila donge wala mdudu. Nyuma ya mlango wa kulia vilijipanga vichupa vya viungo, kila kimoja katika tundu lake. Kwenye kimo cha kiuno palikuwa na meza ya bati lililopakwa enameli nyeupe, iliyovutwa mbele wakati wa kazi na kusukumwa ndani kazi ilipokwisha. Chini ya meza palikuwa na ubao wa kukatia, uliochomolewa kama kitabu kutoka rafuni, droo ya mkate iliyotandikwa bati ili panya apite njia nyingine, na kabati la sufuria lenye ndoano za miiko na machujio ndani ya mlango wake.

Aliyesimama mbele yake hakuhitaji kupiga hatua. Alinyoosha mkono wa kushoto, akapata unga. Wa kulia, akapata hamira na chumvi. Aliinama kidogo, akapata sufuria. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa na makao yake, hapakuwa na kutafuta, na mtu asiyetafuta hana sababu ya kukasirika. "Hili halikutengenezwa kwa ajili ya vyombo," Bi Chekecheo alipenda kusema. "Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu. Aliyelibuni alimsimamisha mwanamke aliyechoka, akampima urefu wa mikono, kisha akampangia vitu vyake kumzunguka."

Aliyelileta nyumbani ni mumewe, mpaka rangi wa majumba. Alikuwa na kazi katika nyumba moja kubwa ambayo wenyewe walikuwa wakibadilisha jiko zima. Walipigilia ukutani makabati mapya, na hili la kale wakalitoa uani lingoje mvua ilimalize. Aliliomba, wakampa. Siku hizo mkewe alikuwa hospitalini. Alikuwa amejifungua binti yao wa pekee na homa ikamchelewesha huko. Aliporudi na kichanga kifuani, alilikuta kabati limesimama jikoni, limepakwa rangi ya maziwa, pipa limejaa unga. Akaufikiria ule ujia mwembamba unaotoka sebuleni, wenye kona kabla ya mlango wa jiko, akamuuliza mumewe limepitaje.

"Nililifungulia mlango," akajibu mpaka rangi, "nikaliambia karibu. Likaingia lenyewe."

Jibu hilo likawa mzaha wa nyumba. Kila mgeni aliyelistaajabia kabati aliambiwa kwamba liliingia lenyewe, na mpaka rangi hakuongeza neno. Kisha kila mwaka, mvua zilipokatika, alilipaka upya kwa mabaki ya rangi za kazi zake: mwaka huu kijani cha zahanati, mwaka unaofuata buluu ya madarasa, mwaka mwingine krimu ya ukumbi wa mikutano. Palipokuwa na ufa alijaza puti, akasugua kwa msasa, akapaka juu yake, kwa maana sisimizi walikuwa hodari wa kujipenyeza wakifuata sukari. Mkewe alijivunia desturi hiyo kuliko mapambo yake yote. "Mume wangu haachi pahali," aliwaambia wanawake wenzake. "Hata pale jicho lisipofika, brashi yake hufika." Wifi yake, dada wa mpaka rangi, kila aliposikia hivyo alikohoa kidogo, lakini alikuwa na staha ya kutomwaibisha kaka yake mbele ya watu, akaishia kwenye kikohozi.

Mpaka rangi alipokwenda kwa Mola wake, kabati lilibaki na rangi ya mwisho aliyolivika, waridi iliyopauka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuweka nyingine juu yake. Binti alikwisha kuolewa. Alikuwa muuguzi, na mumewe dereva wa lori. Bi Chekecheo alikaa peke yake, akaoka mikate yake, akawapa majirani, na hakuwa na la kulalamikia hadi pale macho yalipoanza kumwacha.

Ilikuwa presha ya macho. Maradhi hayo hayaingii kwa kishindo. Yalianza kumnyang'anya pembeni, kidogo kidogo, hata akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe likaingia ukungu. Daktari alisema kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa matone ya asubuhi na jioni. Barabarani alianza kushikwa mkono. Sokoni alianza kuulizia sura za watu aliowazoea. Lakini mbele ya kabati lake alikuwa mzima kama zamani, kwa kuwa pale hakuwa amewahi kuyatumia macho sana. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye hamira. Kidole kilijua pipa limebakiwa na unga kiasi gani kwa namna mkono wa chuma ulivyokuwa mzito au mwepesi. Krrr, krrr iliendelea asubuhi, na majirani wengi hawakutambua kuwa aliyeizungusha haoni tena vizuri.

Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na warithi wa mwenye nyumba wakaamua kuibomoa ili wajenge maduka. Hawakuwa watu wabaya; walitoa taarifa mapema na kuomba radhi. Binti, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimsihi mama yake ahamie kwake, aliipokea habari hiyo kwa furaha aliyojitahidi kuificha. Alimchukua mama yake akae kwake siku mbili tatu, apazoee.

Jiko la binti lilikuwa zuri. Makabati yalizunguka kuta zote, meupe, laini, yote yakifanana, na milango yake haikuwa na vishikio, ulibonyeza, ikafunguka. Asubuhi ya kwanza, binti akiwa bado anavaa, Bi Chekecheo aliingia kutafuta chumvi. Alibonyeza mlango mmoja, akagusa sahani. Akabonyeza mwingine, akagusa ndoo ya takataka. Alibonyeza wa tatu, na alipopapasa ndani bilauri ikaanguka, ikavunjika miguuni pake. Akasimama palepale, viganja vimetandazwa juu ya ile milango isiyosema kitu, akaogopa kusogeza mguu.

Binti alikuja, akafagia bila kulaumu, akamshika kiwiko na kumketisha kitini karibu na dirisha. "Mama, wewe kaa tu," alisema. "Umepika vya kutosha maisha yako yote. Sasa ni zamu yetu."

Maneno hayo yalitoka kwenye mapenzi. Bi Chekecheo alikaa. Alisikia maji yakichemka, akasikia kikombe kikiwekwa mbele yake, na masikio yake yakafuata miguu ya binti yake huku na huko katika lile jiko pana. Ndipo alipoyaona maisha yaliyokuwa yakimngoja: atapendwa, atalishwa, ataulizwa kila saa kama anasikia baridi, na mikono yake haitatakiwa na mtu tena. Aliomba kimya kimya ajaliwe subira. Kisha, kwa kuwa subira haimzuii mtu kujaribu, akamwita binti yake.

"Nitahamia kwako," alisema, "lakini siji peke yangu."

"Unakuja na nani tena, mama?"

"Na kabati."

Binti akacheka. "Mama, ninayo makabati mpaka mengine sijui yana nini ndani."

"Ndiyo maana. Mimi langu najua lina nini."

"Tutaliweka wapi?"

"Pale ulipoweka ile meza ndogo ambayo hakuna anayekula juu yake. Nimeipapasa, imejaa magazeti."

Binti aliitazama ile meza. Alikuwa muuguzi, na alikwisha kuwaona wazee waliokalishwa vitini kwa mapenzi wakanyauka humo kama mmea uliosahauliwa chumbani. Jambo hilo lilikuwa likimsumbua bila yeye kulitaja. "Haya," alisema. "Likija kabati, jiko ni lako. Mimi nitakuwa mgeni wako humu ndani."

Siku ya kuhama, mkwe alileta lori na wabeba mizigo wawili. Wifi naye alifika mapema. Alisema amekuja kusaidia, na kweli alisaidia, kwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya lori na kueleza kila kitu kingebebwaje. Vitanda vilitoka, masanduku yakatoka, viti vikatoka. Umeme ulikuwa umekwisha kukatwa, na jiko, lililokuwa na dirisha dogo tu lenye nondo, lilikuwa na giza la pangoni. Wabeba mizigo wakalivuta kabati kutoka ukutani, wakapitisha mablanketi nyuma yake na kulifunga kamba pande zote kwa heshima, maana walikwisha kuonywa. Mgongo wake waliupita bila kuutazama. Wao walikuwa wakipima uzito.

"Msiwe na wasiwasi," alisema mkwe akikunja mikono ya shati. "Mimi nimegeuza lori katika vichochoro ambavyo baiskeli inaingia kwa hodi. Kabati halinishindi."

Lilimshinda. Likisimama, kichwa chake kiligota kwenye fremu ya mlango. Wakalilaza, likapita mlango vizuri, kisha likafika kwenye kona ya ujia na kukwama, upande mmoja ukikwaruza ukuta, mwingine ukibana mbavu za mbeba mizigo. Wakalirudisha. Wakalilaza ubavu. Wakatanguliza miguu. Wakavua mlango wa jiko bawaba zake. Kila walichofanya kilifikia kona ileile.

"Mkwe," aliita wifi kutoka nje, "si liliingia lenyewe? Liambieni litoke."

"Shangazi, tunalibembeleza," akajibu mkwe kwa sauti iliyoanza kukauka.

Mbeba mizigo mnene, aliyekuwa amekaa chini kupangusa jasho, alitoa rai yake. "Mimi naona hili kabati lilikuwepo kwanza, wakalijengea nyumba juu yake. Hakuna njia nyingine."

Walilitazama dirisha, lakini nondo zilikuwa zimezamishwa katika zege, na hata bila nondo lilikuwa dogo. Mkwe alizunguka nyumba, akarudi. Akamwita mkewe pembeni, nao wakanong'ona, kisha wote wawili wakaja pale alipokuwa amesimama Bi Chekecheo, mkono wake juu ya blanketi.

"Mama," alisema mkwe, "sina budi kukwambia ukweli. Hapa bila msumeno halitoki. Tutalikata katikati, na tukifika nitaliunga kwa vyuma na gundi."

"Ukilikata, litarudi kuwa kama lilivyo?"

Mkwe angeweza kusema ndiyo. Alikuwa mtu mkweli, akatazama chini. "Litasimama, mama. Lakini milango italegea, na lile pipa sidhani kama litakaa wima. Unga utakuwa unabaki upande mmoja."

Bi Chekecheo alilipapasa blanketi. Aliponena, binti yake alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kinywani mwa mama yake, sauti ya mtu anayeomba asisumbue. "Basi msilikate. Lirudisheni mahali pake, mliache zima. Mimi nitakuja. Nitakaa pale mtakaponiweka."

Wifi alikuwa ameinuka kwenye ndoo na kuja kusimama mlangoni mwa jiko. Wabeba mizigo wakafungua kamba na kuyavua mablanketi ili walisukume ukutani kama walivyolikuta, na katika kuligeuza, mgongo wake ukaelekea mlangoni, kwenye mwanga uliotoka ujiani.

Wifi akatazama. Akakohoa kile kikohozi chake cha miaka yote. Lakini safari hii kaka yake hakuwepo wa kuaibishwa, na kikohozi kikageuka kicheko.

"Wifi," alisema, "njoo uone pale brashi ya mumeo isipofika."

"Nini tena?"

"Huku nyuma hakupaka hata tone. Mti mtupu, kama alivyolikuta. Na wewe umetutambia miaka yote hiyo."

"Hilo haliwezekani."

"Njoo uguse mwenyewe. Kaka yangu, Mungu amrehemu, nimekua naye nyumba moja. Kitanda chake hakuwahi kukitandika upande wa ukutani."

Huzuni ilikuwa imemjaa Bi Chekecheo, lakini palibaki nafasi ya kukasirika. Aliona si haki kwamba katika siku moja apoteze kabati na sifa ya marehemu pamoja. Akapapasa njia akilizunguka kabati, akaweka kiganja juu ya mgongo wake ili amwoneshe wifi yake kuwa amekosea. Kiganja kilikutana na mbao kavu, zenye nyuzi, zisizojua rangi. Akakishusha, akitafuta angalau pale chini penye rangi. Ubao ukaendelea, kisha kikafika kwenye kimo cha kiuno, na kidole kikazama.

"Mbona hapa pana ufa?" aliuliza. "Umenyooka. Unakwenda mpaka mwisho. Na hiki ni nini, chuma?"

Mkwe aliwasha tochi ya simu, akainama. Akabaki ameinama kwa muda uliowafanya wengine wote wamsogelee.

"Mama, usiondoe mkono," alisema taratibu. "Haya ni makabati mawili. La juu limekalishwa juu ya la chini. Hapa wamelishika kwa mikanda miwili ya chuma na skrubu, basi." Akapeleka mwanga mbele, kwenye ubavu uliopakwa waridi, ambako hapakuonekana hata dalili ya mstari. "Mzee alikuwa ameziba kiungo chote kwa puti. Kila mwaka puti na rangi, puti na rangi. Nani angejua?"

"Sisimizi," alisema Bi Chekecheo. "Alikuwa akiwazibia sisimizi."

Hivyo ndivyo kabati lilivyoingia lenyewe: vipande viwili, kimoja baada ya kingine, na mtu mmoja mwenye mzaha aliyekwenda zake bila kuutegua. Sisi waja huomba rehema itufikie kwa njia zilizopambwa, na aghalabu huja kwa mlango wa uani. Ikhlasi ya mpaka rangi ndiyo iliyolifunga kabati lile, na uvivu wake mdogo ndio uliolifungua.

Mkwe alileta bisibisi kutoka lorini. Skrubu zilikuwa na kutu, zikalia, zikatoka. Kisha akachukua kisu chembamba na kukipitisha kwa uangalifu kwenye mstari wa kiungo, upande wa mbele na mbavuni, na kila kilipopita maganda yalianguka sakafuni, tabaka juu ya tabaka. Binti aliokota ganda moja, akalielekeza kwenye mwanga na kumsimulia mama yake kilichokuwa humo: waridi, kisha krimu, kisha rangi nyingine nyingi, hadi buluu karibu na chini.

"Buluu ni mwaka ulioanza shule," alisema Bi Chekecheo. "Ulikataa kwenda, ukalia, baba yako akasema kama huendi shule, shule itakuja hapa. Akaipaka."

"Na hii ya chini kabisa ni nyeupe, lakini si nyeupe hasa."

"Rangi ya maziwa. Hiyo ni yako. Ulikuwa na siku chache tu duniani."

Walipokuwa tayari, wabeba mizigo walishika sehemu ya juu huku na huku, mkwe akahesabu, wakainua. Palisikika mpasuko mdogo wa rangi ya mwisho ikiachana, kisha kabati likanyanyuka kwa wepesi uliowachekesha wabebaji wenyewe. Likapita mlangoni likiwa limesimama. Kwenye kona likageuka bila kugusa ukuta. Sehemu ya chini ikafuata na meza yake ya enameli. Mbeba mizigo mnene, alipoitua lorini, alisema kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuufurahia ubavu wake kama leo.

Bi Chekecheo alikuwa amejiegemeza kwenye fremu ya mlango, anacheka, machozi yanamshuka. "Wifi, kumbe nimemsifia mtu kwa uongo miaka yote."

"Endelea kumsifia," alisema wifi akimshika bega. "Angekuwa kama ulivyokuwa ukisema, sasa hivi tungekuwa tunaokota vumbi la msumeno."

Nyumbani kwa binti, meza ndogo ilitolewa pamoja na magazeti yake, na kabati likasimamishwa pale, kiungo chake kikionekana waziwazi kama mshipi kiunoni. Mkwe alipendekeza akizibe, apake. Bi Chekecheo akakataa, alisema vyumba vya watu huhamwa, na angependa watakaokuja wajue pa kuanzia. Binti alitaka kumpangia vichupa vya viungo kwa ukubwa, vikubwa nyuma, vidogo mbele, na akaondolewa kwa adabu.

"Hapo unaweka iliki mahali pa chumvi."

"Mama, vimeandikwa majina."

"Vimeandikwa kwa ajili yako. Mimi husoma kwa mahali."

Alivipanga yeye, akajaza pipa, akazungusha mkono mara moja kusikia kama chekecheo limeumia njiani. Halikuumia. Jirani wa ukuta wa pili alikuja jioni ile kuuliza, kwa heshima, ile ilikuwa mashine gani.

Baada ya mapumziko ya mwisho wa juma binti alirudi hospitalini, na mama akabaki peke yake nyumbani kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa ameazimia kupiga simu kila atakapopata nafasi. Adhuhuri, akiwa amemaliza kugawa dawa wodini, alipiga. Simu ililia, ikalia, ikaendelea kulia, na moyo wake ukaanza kuhesabu mabaya yote anayoyajua muuguzi. Ndipo ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mbona umechelewa? Uko salama?"

"Nina unga mpaka kwenye viwiko. Nimeipokea kwa kidole cha mwisho. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka tu kujua kama umekula."

"Nitakulaje, na mkate haujaumuka? Wewe wahudumie wagonjwa wako, mwanangu. Mimi nina kazi."

Simu ikakatwa. Binti akabaki ameishika mkononi, anatabasamu peke yake katikati ya wodi, hata muuguzi mwenzake akamuuliza kama kuna habari kutoka nyumbani.

"Mama amenikatia simu," alijibu. Akaitia mfukoni, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda kilichofuata, na hakupiga tena hadi zamu yake ilipokwisha.